Leni ya kulia ni ya kupitia: mwongozo kwa dereva mpya wa barabara ya Nakuru–Kisumu

Kila wiki napakia viazi na kabichi kwenye pikapu yangu hapa Nakuru nikapeleka soko la Kibuye, Kisumu, na narudi na omena. Majirani wanajua kazi yangu, kwa hiyo kijana akipata leseni tu ananijia na maswali yale yale. Shangazi, nikae leni gani? Kwa nini wa nyuma ananipigia taa na mimi siendi polepole? Nikikuta mtu amejikalia kulia hatoki, nimpite kushoto?

Siwalaumu. Wengi walijifunza raundabauti kwa kusukuma vigari vya kuchezea kwenye ubao wa mji wa mfano, kisha wakaendesha mitaani siku chache, wakafanya mtihani. Ubao haukufundishi namna trela linavyokunyima mwanga likiwa ubavuni mwako, wala upepo wake unavyovuta usukani. Na kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025, maana yake leni zinaongezeka huku kwetu na madereva ambao hawajawahi kuzitumia ni wengi. Nimeamua kuandika yote mahali pamoja.

Andaa haya kabla ya kutoka

- Vioo vitatu vilivyosafishwa na kupangwa ukiwa umekaa unavyoendesha. Kioo cha kati kionyeshe dirisha lote la nyuma. Vya pembeni vionyeshe ukanda mwembamba tu wa ubavu wa gari lako. Sehemu kubwa iliyobaki iwe barabara.
- Indiketa zote na taa za breki. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari akuambie zinawaka. Ukiwa ndani huwezi kujua kwamba taa moja ya breki imekufa.
- Tairi zenye upepo wa kutosha, zipimwe asubuhi kabla hazijapata joto.
- Waipa zinazofuta kweli, na maji kwenye chupa yake. Ukivuka Mau Summit kwenda Kericho mchana, tegemea mvua.
- Pembetatu mbili za kuakisi mwanga, zile tunazoita laifseva, na koti la kuakisi. Viwe karibu. Usivizike chini ya magunia.
- Simu iwe mahali ambapo mkono haufiki. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu za kutazama ujumbe ni mita 66 ambazo gari limejiendesha lenyewe.
- Ujue nguvu ya gari lako. Gari la injini ndogo likibeba watu watano na mizigo halipandi mlima kama ulivyolizoea ukiwa peke yako. Lijaribu mahali tambarare kwanza.

Kwa siku ya kwanza chagua Jumapili alfajiri, kwenye kipande cha barabara iliyogawanywa katikati, kila upande ukiwa na leni zake, kinachopita Nakuru mjini, kutoka upande wa Free Area hadi njia ya kwenda Njoro. Enda na urudi mara tatu au nne. Kuna leni za kutosha kujifunzia na magari ni machache.

Leni ipi ni ya nani

Kenya tunaendesha kushoto. Leni ya kushoto ndiyo makao yako, hata kama gari lako ni jipya na lina nguvu. Ya kulia unaiazima ili umpite mtu au ukate kulia, ukimaliza unairudisha. Zikiwa tatu, ya kushoto kabisa ni ya malori na wanaoingia au kutoka, ya kati ni ya safari, ya kulia bado ni ya kupitia.

Kuna wanaoamini kwamba leni ya kulia ni ya "wanaokimbia", na kwamba ukishafika kasi inayoruhusiwa una haki ya kukaa huko mpaka Kisumu. Hapana. Kasi ya juu kwa gari dogo ni kilomita 110 kwa saa kwenye barabara iliyogawanywa katikati na 100 kwenye isiyogawanywa. Matatu, mabasi na malori makubwa mwisho wao ni 80. Ndani ya miji na vituo vya biashara ni 50. Kibao kikionyesha chini ya hapo, fuata kibao. Ukiwa kwenye 110 na kushoto ni kweupe, mahali pako ni kushoto.

Hatua kwa hatua

1. Ingia na kasi ya barabara. Ukitoka barabara ya pembeni yenye kipande cha kuongezea kasi, kitumie chote. Washa indiketa ya kulia, kanyaga mafuta, tafuta pengo kwenye kioo, ingia. Wanaoanza husimama mwisho wa kile kipande na kujaribu kuingia wakiwa na kilomita 20 mbele ya magari ya 80. Kama hakuna kipande cha kuongezea kasi, simama kabisa na usubiri pengo kubwa.

2. Tulia leni ya kushoto, katikati yake. Usiendeshe juu ya mstari. Macho yakitazama boneti, gari huyumba. Yatazame mbali, kule barabara inakoishia, na mikono itafuata yenyewe. Hili lilinichukua wiki mbili kuliamini.

3. Acha nafasi. Chagua nguzo au kivuli mbele. Gari lililo mbele yako likikipita, sema polepole "Nakuru moja, Nakuru mbili". Ukikifikia kabla hujamaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha hesabu hadi Nakuru nne. Mtu akiingia kwenye pengo lako, na ataingia, achia mafuta kidogo utengeneze jingine. Usimlipize.

4. Amua mapema. Usingoje mpaka uone matope kwenye taa za nyuma za lori ndipo ufikirie kulipita. Ukiwa bado mbali jiulize: je, nina haja ya kumpita, au nakata kushoto kilomita moja mbele? Je, mbele yake kuna nafasi yangu, au kuna msururu wa malori sita? Je, mstari ulio kati ya leni unaruhusu? Mstari usiokatika hauvukwi, hata kama ndugu zako watatu wameuvuka mbele yako. Jibu moja likikataa, baki ulipo.

5. Kioo cha kati, kioo cha kulia, indiketa, kisha geuza shingo. Hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza, jua likizama, nilikuwa natoka Nakuru mjini naelekea upande wa Njoro. Mbele kulikuwa na mkokoteni. Nilitazama vioo vyote, sikuona kitu, nikawasha indiketa na kuanza kuhama kwa pamoja. Nikasikia honi nyembamba karibu na sikio langu. Bodaboda alikuwa sambamba na gurudumu langu la nyuma, mahali ambapo kioo cha kati hakifiki na cha pembeni kimeshapita. Nilirudisha usukani, kiwiko chake kikagonga kioo changu kikakunjika. Nyuma yake alikuwa mama mwenye mtoto katikati, na ninachokumbuka hadi leo ni kiganja chake kilivyofunika kichwa cha mtoto, kama kwamba kiganja kingezuia gari.

Hawakuanguka. Tangu siku hiyo sijawahi kuhama leni bila kugeuza shingo nikatazama juu ya bega langu. Ni kutupa jicho tu, chini ya sekunde moja. Na indiketa huwashwa *kabla* ya kuhama: iache ipige mara tatu au nne, watu waione, ndipo uguse usukani. Indiketa inaomba njia. Haikupi haki ya kuingia mahali palipo na mtu.

6. Hamia kulia ukiwa bado na nafasi mbele. Usijibanze nyuma ya lori kisha uchomoke ghafla. Ukihama ukiwa mita arobaini au hamsini nyuma, unaona mbele yake yote, na anayekuja nyuma yako kulia ana muda wa kukuona. Usukani uguswe kidogo tu. Abiria wako asihisi kwamba umehama.

7. Pita bila kusita. Ukishaanza, maliza. Hesabu hii niliifanya kwenye karatasi na imewashangaza vijana wengi. Lori linakwenda 80, wewe 100. Unaanza mita 45 nyuma yake, unapita urefu wa trela na wa gari lako, kisha unaacha mita 45 kabla ya kurudi. Inachukua karibu sekunde 20, na katika muda huo umesafiri zaidi ya nusu kilomita. Ukimpita kwa 90, ni sekunde 40 na kilomita nzima. Basi linalokwenda 80 likilipita lori la 75 linaziba leni zote mbili kwa zaidi ya dakika moja. Kama tofauti ya kasi ni ndogo hivyo, usianze. Na usikae ubavuni mwa trela: dereva wake hakuoni, na tairi lake likipasuka vipande vinakuja kwako.

8. Rudi kushoto. Subiri mpaka uone taa zote mbili za gari ulilolipita ndani ya kioo cha kati, si cha pembeni. Kioo cha pembeni cha kushoto mara nyingi huonyesha gari likiwa mbali kuliko lilivyo. Likiwa ni trela lililojaa, ongeza nafasi zaidi. Indiketa ya kushoto, shingo kushoto (bodaboda hupita huko pia), rudi taratibu.

9. Zima indiketa na uanze kuhesabu Nakuru upya. Ukirudi kwa kona ndogo indiketa haijizimi. Nimemfuata mtu kutoka Awasi hadi karibu na Ahero akiwa na indiketa ya kulia inapiga, na hakuna aliyethubutu kumpita.

Hizo hatua tisa zinaonekana nyingi kwenye maandishi. Barabarani, baada ya wiki moja, ni mwendo mmoja wa mwili.

Indiketa ya lori ina lugha mbili

Swali hili ndilo linalokuja mara nyingi zaidi, na ndilo linaloweza kukuua, kwa hiyo nitalieleza lote.

Kwenye barabara isiyogawanywa, ile ambayo wanaokuja na wanaokwenda wanatenganishwa na rangi tu, madereva wa malori wa nchi hii wana desturi yao. Ukiwa nyuma ya lori, akiwasha ya kulia anakuambia: usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto: kweupe, pita. Ni wema wa kweli, na mimi huwashukuru kwa kuwasha hazadi (indiketa zote kwa pamoja) mara mbili nikishapita.

Sasa unaingia kipande kilichogawanywa. Hapo hakuna gari linalokuja kwako, na ile desturi inakufa. Ya kulia sasa inamaanisha: nahamia leni ya kulia kumpita mwenzangu. Kijana aliyezoea lugha ya kwanza anawaza, "Ananiambia kuna gari linakuja, lakini hapa haliwezi kuja," anakanyaga mafuta. Anafika ubavuni wakati lori linahama. Kulia kwake kuna ukuta wa zege.

Ya kushoto nayo ni hatari namna yake. Kwenye barabara isiyogawanywa inaweza kuwa "pita", lakini pia inaweza kuwa "nasimama hapa ninunue mahindi ya kuchoma" au "nakata kushoto". Kwenye iliyogawanywa karibu kila mara ni "narudi kushoto" au "natoka".

Kanuni ninayowapa: kabla hujasoma indiketa ya mtu, jiulize kwanza uko barabara gani. Na hata kwenye barabara isiyogawanywa, usipite kwa neno la mwenzako peke yake. Yeye anaona mbele, sawa, lakini hajui gari lako lina nguvu kiasi gani wala umebeba nini. Kama huoni kwa macho yako, baki nyuma.

Hatari kubwa zaidi iko pale kipande kilichogawanywa kinapoisha. Umeendesha kilomita kadhaa kulia ukipita watu bila wasiwasi, mwili umezoea, kisha ukuta wa katikati unakwisha na leni ya kulia sasa ni ya wanaokuja. Ukiona kibao cha mwisho wa barabara iliyogawanywa, rudi kushoto papo hapo hata kama ungetamani kulimaliza lori moja zaidi. Sote wa huku tunakumbuka 31 Desemba 2017 pale Migaa, basi na lori vilipogongana ana kwa ana na watu 36 wakafa. Baadaye kikawekwa kizuizi katikati ya barabara upande ule wa Salgaa. Kizuizi kinazuia pale kilipo tu. Kikiisha, kinachobaki ni wewe.

Milima na miteremko

Kwenye mpando, mahali kuna leni ya ziada ya magari mazito, malori yanakwenda kushoto na wewe unapita. Tatizo ni pale lori la kilomita 20 linapoamua kulipita la 15. Usipige honi. Shusha gia, acha pengo kubwa, subiri. Pia tazama lami yenyewe: leni ya kushoto kwenye mpando mara nyingi ina mifereji miwili iliyochimbwa na uzito wa malori. Mvua ikinyesha mifereji hiyo hujaa maji, na gari dogo linaelea. Punguza kasi, na ukihama kutoka kwenye mfereji hama taratibu, maana ukingo wake huvuta tairi.

Mteremko ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize kama ungemsikiliza mama yako. Kutoka Sachangwan kushuka Salgaa, usijiweke mbele ya lori zito. Wapo madereva wanaotoa gia na kuliacha lori liserereke ili kuokoa mafuta. Lori la namna hiyo linategemea breki peke yake, na breki zikipata joto kupita kiasi hazishiki. Trela lililojaa linaweza kuzidi tani 50. Ukilipita kisha ukarudi mbele yake na kukanyaga breki kwa sababu ya tuta, umemwomba afanye jambo asiloweza. Kama umelipita, endelea mpaka uwe mbali nalo kabisa. Kama huna uhakika wa hilo, kaa nyuma yake, mbali. Wewe mwenyewe shuka na gia ya chini, mguu ukigusa breki kwa vipindi.

Ukungu wa Mau Summit: taa za kawaida, si taa kali, kwa sababu taa kali hugonga ukungu na kukurudia machoni. Hazadi zisiachwe zikiwaka gari likiwa mwendoni, maana zinaficha indiketa zako. Hakuna kupita mtu ndani ya ukungu.

Ukifika mjini

Leni ya kushoto ya mjini ina shida zake, na ni uongo kujifanya hazipo. Matatu zinasimama bila onyo, bodaboda wanakuja kinyume pembeni, mikokoteni, na mwenye duka aliyeegesha nusu ya gari kwenye lami. Ndiyo sababu watu wanakimbilia kulia na kubaki huko. Lakini kulia nako, pale ukingo wa katikati ulipoachwa wazi, utakuta gari limesimama likingoja kugeuza, na watu waliovuka nusu wakasubiri juu ya ukingo. Mjini chagua leni kwa kutazama mbali na kupunguza kasi hadi 50. Kupita mtu hapo hakukuokolei hata dakika mbili.

Kwa Kisumu, ukitoka Nyamasaria kuingia mjini au ukielekea Kondele, chagua leni yako mapema. Juu ya flaiova unaenda moja kwa moja. Ukitaka kuingia Kondele kwenyewe, uwe umeshatoka kushoto kabla mpando haujaanza. Anayekata mbele ya watu dakika ya mwisho pale anagonga tuktuk, na tuktuk haina cha kumkinga abiria.

Makosa ninayoyaona kila safari

Kufuata aliyempita. Gari la mbele limempita lori, na wewe unamfuata kama mkia bila kutazama. Yeye alikuwa na nafasi ya gari moja. Kila anayepita ajitazamie mwenyewe.

Kushona leni kama sindano, kulia, kushoto, kulia. Utakutana na wale wale uliowapita kwenye tuta la kituo kinachofuata.

Kupita kwenye ukingo wa lami, nje ya mstari. Huko ndiko wanakotembea wanafunzi.

Kuendesha usiku bila kutegemea kwamba kuna kitu kisicho na taa. Ukanda wa miwa, kuanzia maeneo ya Muhoroni hadi Awasi, una matrekta yanayovuta miwa kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na baadhi hayana taa hata moja nyuma. Ukiona mabua ya miwa yamedondoka barabarani, jua trekta liko mbele. Punguza kasi sasa, usingoje kuliona.

Ukikwama

*Mtu amejikalia kulia, kushoto ni kweupe, hatoki.* Kaa nyuma yake kwa nafasi ya sekunde mbili, washa indiketa ya kulia aione. Ngoja. Kama bado, piga taa mara moja, fupi. Wengi hutoka hapo. Hawakuwa wakaidi, hawakutazama kioo tu. Asipotoka, vumilia. Usimpite kushoto: akikuona kwenye kioo akashtuka, kitu cha kwanza atakachofanya ni kurudi kushoto, ulipo wewe. Kwenye msongamano ambapo leni zote zinatambaa, safu yako ya kushoto inaweza kusonga mbele kuliko ya kulia, na hilo halina neno, mradi huhamihami ili kuwahi.

*Wa nyuma ananisukuma na mimi niko kulia nampita lori.* Usiongeze kasi kwa kumwogopa. Ukizidisha kilomita 16 hadi 20 juu ya kiwango faini yake ni shilingi 10,000, na hatakuchangia. Maliza kupita kwa kasi yako, rudi kushoto mapema inavyowezekana kwa usalama, mwache aende.

*Nimeanza kupita, na ninayempita anaongeza kasi.* Achia mafuta, tazama kioo, rudi nyuma yake. Usishindane. Likitokea kwenye barabara isiyogawanywa, amua kurudi mapema, wakati nafasi uliyoiacha nyuma yake haijazibwa.

*Bodaboda anakuja kinyume ndani ya leni yangu.* Punguza mwendo kwanza. Usirukie leni ya kulia bila kutazama. Mara nyingi yeye atajibana ukingoni. Honi fupi moja inatosha.

*Nimepita njia yangu ya kutoka.* Imepita. Endelea hadi mahali halali pa kugeuzia. Usisimame, usirudi nyuma hata mita tano.

*Leni yangu inaisha mbele.* Washa indiketa mapema, linganisha kasi yako na ya leni unayoingia, ingia kwenye pengo. Ukiwa wewe ndiwe uliye kwenye leni inayoendelea, mpe nafasi mmoja aingie mbele yako.

*Natetemeka mikono, naogopa.* Toka kwenye kituo cha petroli kinachofuata, kunywa chai, pumzika nusu saa. Hofu ya siku za kwanza ni ya kawaida na hupungua kwa kurudia kipande kile kile, si kwa kujilazimisha kwenda mbali.

*Gari limezima nikiwa leni ya kulia.* Washa hazadi mara moja, na kama bado linateleza tumia mwendo huo kufika kushoto, nje ya lami. Likikwama kulia kabisa, tazama magari kwanza, mtoe kila mtu nje, mvuke pamoja mkiwa na nafasi, msimame mbali na barabara. Mwenye koti la kuakisi aweke pembetatu moja nyuma ya gari, hatua hamsini au zaidi, akitembea pembeni huku uso ukielekea magari yanayokuja. Asisimame mtu yeyote nyuma ya gari kutafuta laifseva ndani ya buti. Ndiyo maana nilisema mwanzoni viwe karibu: mimi vyangu viko chini ya kiti cha dereva.